Kama hivi, basi vile: kwa nini pande nne sawa hazitoshi kukupa ekari moja

Msikilizaji mmoja alipiga simu kwenye kipindi chetu cha wakulima akiwa na swali lililotunyamazisha studio nzima. Alikuwa amenunua shamba aliloambiwa ni ekari moja. Kabla ya kutoa pesa alilizunguka kwa miguu yake mwenyewe, na kila upande ulimpa hatua 70. Pande nne, sabini sabini. Akanunua mbegu za mahindi za kutosha ekari moja, akapanda kwa nafasi aliyoelekezwa na bwana shamba. Alipomaliza mstari wa mwisho, zaidi ya robo ya mbegu ilikuwa bado kwenye mfuko.

"Pande zote nimezipima mwenyewe," alisema. "Sasa ekari yangu imekwenda wapi?"

Muuzaji hakuwa amesema uongo kuhusu pande. Zilikuwa kweli hatua 70 kila moja. Kosa lilikuwa kwenye hoja, na hoja hiyo inategemea neno dogo tunalolitumia kila siku: "kama". Makala hii inaeleza jinsi neno hilo linavyofanya kazi kwenye jiometri, na jinsi ya kulitumia bila kupoteza shamba, mabati au fedha.

Hatujaweka michoro, kwa sababu wengi wenu mnasoma kwenye simu ndogo. Chukua kijiti, uchore chini kwenye vumbi kadiri tunavyokwenda.

KAULI YENYE SHARTI

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tuiweke methali hiyo kwa maneno ya hesabu: "Kama mvua inanyesha, basi mawingu yapo." Hiyo ni kauli yenye sharti. Ina sehemu mbili. Sehemu inayofuata neno "kama" ni sharti: mvua inanyesha. Sehemu inayofuata neno "basi" ni tokeo: mawingu yapo.

Kauli kama hiyo inakuahidi jambo moja tu. Inasema kwamba kila mara sharti linapotimia, tokeo nalo lipo. Haisemi lolote kuhusu siku ambazo sharti halikutimia.

Sasa kauli moja inaweza kuzaa nyingine tatu. Tazama:

Ya asili: Kama mvua inanyesha, basi mawingu yapo. Ni kweli.

Ukiigeuza: Kama mawingu yapo, basi mvua inanyesha. Si kweli. Kila mkulima ameshawahi kuona wingu zito likipita juu ya shamba lake na kwenda kunyesha kwa jirani.

Ukiikanusha: Kama mvua hainyeshi, basi mawingu hayapo. Hii pia si kweli, kwa sababu hiyo hiyo.

Ukiigeuza na kuikanusha kwa pamoja: Kama mawingu hayapo, basi mvua hainyeshi. Hii ni kweli.

Ukishika hizo nne umeshika sehemu kubwa ya somo. Kauli ya asili ikiwa kweli, ile iliyogeuzwa na kukanushwa kwa pamoja nayo ni kweli siku zote. Hizo mbili ni pacha. Lakini ile iliyogeuzwa peke yake, au iliyokanushwa peke yake, huwezi kuiamini mpaka ithibitishwe kivyake. Wakati mwingine ni kweli, wakati mwingine si kweli.

MSIKILIZAJI WETU ALIGEUZA KAULI

Turudi shambani. Sehemu nyingi za Tanzania watu hupima ekari kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho kina msingi. Hatua ndefu ya mtu mzima inakaribia yadi moja, yaani karibu sentimita 91. Yadi 70 mara yadi 70 ni yadi za mraba 4,900, na ekari moja ni yadi za mraba 4,840. Tofauti ni ndogo.

Kwa hiyo kauli ya kweli ni hii: "Kama shamba ni mraba wa ekari moja, basi pande zake zote nne zina karibu hatua 70."

Msikilizaji wetu aliitumia hivi: "Kama pande zote nne zina hatua 70, basi shamba ni mraba wa ekari moja." Aligeuza. Sharti akaliweka mahali pa tokeo, na tokeo akaliweka mahali pa sharti. Alifanya kama mtu anayeona mawingu akaanika ndoo nje na kusema maji yamepatikana.

JARIBU KWA VIJITI VINNE

Kuonyesha kwamba kauli si kweli, huhitaji maneno mengi. Unahitaji mfano mmoja tu ambao sharti limetimia lakini tokeo halipo. Tuuite mfano wa kupinga.

Nilipotaka kuhakikisha jambo hili nilikata vijiti vinne vyenye urefu sawa, nikaviunganisha kwenye kona kwa msumari mmoja mmoja, nikavilaza uani. Vikikaa wima vinaunda mraba. Lakini ukisukuma kona moja kwa kidole, umbo zima linalala upande. Vijiti havikurefuka wala kufupika. Pande zote nne bado ni sawa. Ila nafasi iliyo ndani inapungua, na ukiendelea kusukuma, vijiti vinalaliana kabisa na ndani hakubaki kitu.

Tuiweke kwa hesabu. Ukubwa wa umbo lililolala namna hii ni upande wa chini mara kimo chake, na kimo hupimwa wima kutoka upande mmoja hadi upande unaoutazama. Mraba wa hatua 70 una kimo cha hatua 70, na ukubwa wake ni 70 mara 70, sawa na hatua za mraba 4,900. Likilala mpaka kimo kikawa hatua 35, ukubwa ni 70 mara 35, sawa na 2,450. Pande ni zile zile sabini sabini, lakini umebaki na nusu shamba.

Mafundi wa mbao wanalijua hili ingawa hawaliiti jiometri. Geti la mbao lenye fremu ya mbao nne tu huinama baada ya muda mfupi. Ndiyo maana fundi hupigilia ubao mmoja kutoka kona hadi kona. Ubao huo huigawa fremu kuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali. Kenchi za paa nazo hupangwa kwa pembetatu kwa sababu hiyo hiyo.

KIPIMO KINACHOKATAA NA KIPIMO KINACHOTHIBITISHA

Sasa twende kwenye msingi wa nyumba. Fundi akishachimba vigingi vinne, huvuta kamba kutoka kona hadi kona, mara mbili, na kulinganisha vipimo. Kwa nini?

Kauli anayoitegemea ni hii: "Kama msingi ni mstatili, basi vipimo viwili vya kona kwa kona ni sawa." Ni kweli. Pacha wake pia ni kweli: "Kama vipimo vya kona kwa kona si sawa, basi msingi si mstatili." Kwa hiyo kamba moja ikitoa mita 15 na nyingine ikatoa mita 15 na sentimita 20, hakuna mjadala. Msingi umepinda. Hamisha vigingi.

Lakini vipimo vikitoka sawa, je, kazi imekwisha? Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanageuza kauli bila kujua. Chukua mfano huu. Upande wa mbele wa nyumba ni mita 10. Upande wa nyuma ni mita 8. Pande hizo mbili ni sambamba, na kutoka mbele hadi nyuma ni mita 12. Nyuma imewekwa katikati, ikiacha mita 1 kila upande. Ukivuta kamba kona kwa kona, zote mbili zitatoa mita 15 kamili. Fundi atafurahi, atamwaga zege, na nyumba itakuwa imebanwa nyuma kwa mita 2. Utagundua siku ya kupiga mabati.

Ajabu ni kwamba mstatili halisi wa mita 9 kwa 12 nao una mita 15 kona kwa kona. Kamba peke yake haiwezi kukuambia uko kwenye msingi upi kati ya hiyo miwili.

Hivyo kipimo cha kona kwa kona kikiwa peke yake kina nguvu ya kukataa, lakini hakina nguvu ya kuthibitisha. Ili kithibitishe, kinahitaji sharti jingine likae pamoja nacho.

MNYORORO WA HOJA

Sharti hilo jingine ni pande zinazotazamana. Kauli kamili ni hii: "Kama pande zinazotazamana ni sawa, na vipimo vya kona kwa kona ni sawa, basi umbo ni mstatili." Hii ni kweli, na hatuhitaji kuiamini kwa sababu tu mtangazaji amesema. Tunaweza kuithibitisha.

Katika jiometri, kuthibitisha maana yake ni kufunga kauli za kweli moja baada ya nyingine kama pete za mnyororo. Tokeo la kauli ya kwanza linakuwa sharti la kauli ya pili, na kuendelea, mpaka unafika unapotaka. Kama kila pete ni imara, mnyororo mzima ni imara. Pete moja ikiwa dhaifu, mzigo unaanguka.

Chora chini umbo la pande nne. Kona zake ziite A, B, C na D kwa kuzunguka. Tunajua mambo matatu: upande AB ni sawa na upande DC, upande AD ni sawa na upande BC, na kamba ya AC ni sawa na kamba ya BD.

Pete ya kwanza: Kama pande zinazotazamana ni sawa, basi umbo ni msambamba, yaani pande zinazotazamana zinakwenda sambamba.

Pete ya pili: Kama umbo ni msambamba, basi pembe mbili zinazopakana zikijumlishwa zinatoa nyuzi 180. Kwa hiyo pembe ya A na pembe ya B jumla yake ni 180.

Pete ya tatu: Tazama pembetatu DAB na pembetatu CBA. Zote mbili zinatumia upande AB. Upande DA wa moja ni sawa na upande CB wa nyingine. Na upande BD wa moja ni sawa na upande AC wa nyingine, kwa sababu kamba zetu zilitoka sawa. Kama pembetatu mbili zina pande zote tatu sawa kwa sawa, basi pembe zao nazo ni sawa. Kwa hiyo pembe ya A ni sawa na pembe ya B.

Pete ya nne: Kama pembe mbili ni sawa, na jumla yake ni 180, basi kila moja ni 90. Pembe ya A ni 90 na ya B ni 90. Ukifanya hivyo hivyo kwa kona zilizobaki, zote zinatoka 90. Umbo ni mstatili.

Hatukupima pembe hata moja. Tulipima urefu tu, na hoja ikatupa pembe. Hiyo ndiyo faida ya kufikiri namna hii: kutoka kwenye jambo unaloweza kulipima, unafika kwenye jambo ambalo huna kifaa cha kulipimia.

Na sasa unaona kwa nini ule msingi wa mita 10 na mita 8 ulituponyoka. Pete ya kwanza ilikuwa imekatika. Pande za mbele na nyuma hazikuwa sawa, kwa hiyo mnyororo haukuanza kabisa.

TATU, NNE, TANO

Mafundi wengi wana njia nyingine ya kupata kona ya nyuzi 90. Wanapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha wanasogeza kigingi mpaka umbali kati ya ncha hizo mbili uwe mita 5 kamili. Kona imekaa sawa.

Ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari atakuambia hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Amekaribia, lakini hajafika. Kanuni ya Pythagoras inasema: "Kama pembetatu ina kona ya nyuzi 90, basi mraba wa upande mrefu ni sawa na jumla ya miraba ya pande mbili fupi." Sharti ni kona, tokeo ni vipimo. Fundi yeye anaanza na vipimo (9 jumlisha 16 ni 25, na 5 mara 5 ni 25) kisha anatoka na kona. Anatumia kauli iliyogeuzwa.

Je, anaruhusiwa? Tumeona kwamba kugeuza ni hatari. Jibu ni ndiyo, anaruhusiwa, lakini kwa sababu tu kauli iliyogeuzwa ilithibitishwa kivyake.

Kazi hiyo inapatikana katika kitabu cha Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, karibu mwaka 300 kabla ya Kristo. Kitabu chake kwa Kiingereza kinaitwa Elements na kimegawanywa katika vitabu 13. Kitabu cha kwanza kina kauli 48 zilizothibitishwa. Kauli ya 47 ni kanuni ya Pythagoras. Kauli ya 48, ya mwisho kabisa, ni ile iliyogeuzwa: kama vipimo vinakubaliana hivyo, basi kona ni ya nyuzi 90. Euclid hakusema "na kinyume chake ni wazi." Alikaa akaithibitisha upya.

Alifanya vivyo hivyo mapema zaidi. Kauli ya 5 inasema kama pembetatu ina pande mbili sawa, basi pembe za chini ya pande hizo ni sawa. Kauli ya 6 inageuza: kama pembe mbili ni sawa, basi pande zinazozitazama ni sawa. Kila moja ina uthibitisho wake.

Kauli na ile iliyogeuzwa zote zikiwa kweli, wanahesabu husema "kama, na kama tu". Pembetatu ina kona ya nyuzi 90 kama, na kama tu, vipimo vyake vinatii kanuni ya Pythagoras. Hapo unaweza kwenda na kurudi bila wasiwasi. Ni kama barabara ya pande mbili. Kauli nyingine nyingi ni barabara ya upande mmoja.

MASHARTI YALIYOJIFICHA

Kuna jambo jingine la kuangalia. Mara nyingi sharti halisemwi kwa sauti.

"Hatua 70 kwa 70 ni ekari moja." Sharti lililojificha ni kwamba hatua ni ya karibu yadi moja. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akitembea hatua 70 amekwenda mita 52 na nusu tu. Mraba wa upande huo ni kama mita za mraba 2,756, wakati ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Hapo una kama theluthi mbili ya ekari, hata kama kona zote ni za nyuzi 90. Muuzaji mfupi akikupimia kwa hatua zake, pima tena kwa futikamba.

Sharti jingine lililojificha ni kwamba ardhi ni tambarare. Jiometri tuliyoeleza hapa ni ya sehemu iliyonyooka. Kwenye mteremko, kamba iliyolazwa juu ya ardhi hutoa urefu mkubwa kuliko ule unaoandikwa kwenye ramani.

Kwa hiyo mtu akikupa kauli, muulize: hii ni kweli kama nini?

PANDE TATU HAZIDANGANYI

Tumeona kwamba pande nne haziwezi kukuambia ukubwa wa shamba. Pande tatu zinaweza. Kama unajua pande zote tatu za pembetatu, basi umbo lake ni moja tu, na ukubwa wake ni mmoja tu. Kwa hiyo shamba lolote la pande nne ligawe kuwa pembetatu mbili kwa kupima kona kwa kona mara moja.

Ukubwa wa kila pembetatu unapatikana kwa njia ya Heron, naye pia wa Alexandria. Jumlisha pande tatu, gawa kwa 2. Hiyo ni nusu ya mzunguko. Toa kila upande kutoka kwenye nusu hiyo, utapata namba tatu. Zidisha namba hizo tatu pamoja na ile nusu, kisha tafuta kipeo cha pili. Kikokotoo cha simu nyingi kina alama hiyo.

Mfano: shamba lina pande za mita 65, 70, 45 na 60 kwa kuzunguka. Kona kwa kona, kutoka mwanzo wa upande wa 65 hadi mwisho wa upande wa 70, ni mita 75.

Pembetatu ya kwanza ni 65, 70, 75. Jumla ni 210, nusu yake 105. Ukitoa kila upande unapata 40, 35 na 30. Zidisha 105 mara 40 mara 35 mara 30, upate 4,410,000. Kipeo chake cha pili ni 2,100.

Pembetatu ya pili ni 45, 60, 75. Jumla ni 180, nusu yake 90. Ukitoa kila upande unapata 45, 30 na 15. Zidisha zote na 90, upate 1,822,500. Kipeo chake cha pili ni 1,350.

Jumla ya shamba ni mita za mraba 3,450. Gawa kwa 4,047, unapata kama ekari 0.85.

EKARI ILIKWENDA WAPI

Tulimwomba msikilizaji wetu arudi shambani na kupima kona kwa kona. Siku ya pili alituma ujumbe: hatua 128 upande mmoja, hatua 56 upande mwingine.

Majibu yako hapo. Kama shamba lingekuwa mraba wa hatua 70, vipimo hivyo viwili vingekuwa sawa, karibu hatua 99 kila kimoja. Si sawa. Kwa hiyo si mraba. Ni umbo lililolala, kama vijiti vyangu vya uani.

Na ukubwa wake? Kama pande zote nne ni sawa, basi mistari ya kona kwa kona hukatana katikati, kwa nyuzi 90. Inaligawa shamba kuwa pembetatu nne zinazofanana, kila moja ikiwa na upande wa 64 (nusu ya 128) na upande wa 28 (nusu ya 56). Kila pembetatu ni 64 mara 28 gawa kwa 2, sawa na 896. Zote nne ni hatua za mraba 3,584.

Alilipia 4,900. Zilizokosekana ni 1,316, zaidi ya robo. Ndizo zile mbegu zilizobaki kwenye mfuko.

Yeye na muuzaji ni majirani, na walikubaliana kukaa na mwenyekiti wa kitongoji kuzungumza. Kumbuka kwamba kupima kwa hatua au kamba hakuchukui nafasi ya mpima ardhi. Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi, kwa hiyo anzia huko kabla ya kulipa. Lakini kupima kona kwa kona hakugharimu kitu, na kungemwokoa mapema.

JIPIME

Jaribu maswali haya na watoto wako jioni. Majibu yako chini.

1. "Kama umbo ni mraba, basi lina kona nne za nyuzi 90." Igeuze. Je, bado ni kweli?

2. Pande zinazotazamana za msingi ni sawa, lakini kona kwa kona ni mita 13 na mita 13 na sentimita 10. Je, msingi ni mstatili?

3. Pembetatu ya kamba ina pande za mita 5, 12 na 13. Je, ina kona ya nyuzi 90? Unatumia kauli ipi?

4. "Kama mashamba mawili yana mzunguko sawa, basi yana ukubwa sawa." Tafuta mfano wa kupinga.

Majibu:

1. Ikigeuzwa: "Kama umbo lina kona nne za nyuzi 90, basi ni mraba." Si kweli. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 kina kona nne za nyuzi 90, lakini si mraba.

2. Hapana. Kama ungekuwa mstatili, kona kwa kona zingekuwa sawa. Si sawa, basi si mstatili.

3. Ndiyo. 25 jumlisha 144 ni 169, na 13 mara 13 ni 169. Unatumia kauli iliyogeuzwa ya Pythagoras, ile ya 48 ya Euclid.

4. Shamba la hatua 70 kwa 70 lina mzunguko wa 280 na ukubwa wa 4,900. Shamba la hatua 120 kwa 20 lina mzunguko huo huo wa 280, lakini ukubwa wake ni 2,400.

KWA UFUPI

Ukisikia kauli yenye "kama" na "basi", tenganisha sharti na tokeo. Usigeuze bila uthibitisho. Ukiona tokeo halipo, jua sharti nalo halipo. Kukanusha kauli kunatosha kwa mfano mmoja. Kuthibitisha kunahitaji mnyororo usiokatika.

Na mtu akikuambia shamba lake ni sabini sabini pande zote, mpe pongezi, kisha mwombe akushikie ncha ya kamba. Mwende kona kwa kona, mara mbili.